Mafuta Yapimwe Gari Likiwa Kazini

Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi wa magari, Dodoma

Mbukwenyi, ndugu zangu. Nawaona mafundi wenzangu, nawaona vijana wa chuo, na wenye magari nao wamekuja. Vizuri, maana wanaolipa ni wao. Nitasema jambo lile lile ambalo wengi mmeshanisikia nikilisema: injini ikikosa nguvu kwenye resi kubwa, usinunue spea yoyote kabla hujapima presha ya mafuta gari likiwa barabarani, linavuta, kwenye resi ile ile inayolalamikiwa. Siyo gari likiwa limeegeshwa gerejini. Barabarani.

Leo nazungumzia gari la zamani lililotiwa injini kali. Wamarekani huyaita hotirodi. Walianza nayo California, na Ford ya V8, yaani injini ya silinda nane, ya mwaka 1932 ndiyo iliyoupa mchezo huo nguvu. Kwetu huku ni Toyota Corolla KE70 iliyovishwa injini kali ya 4A-GE, au Cresta iliyobebeshwa injini ya 1JZ. Ugonjwa ni mmoja. Chini linavuta vizuri, katikati linavuta vizuri, injini ikifika mizunguko 5,000 kwa dakika linalegea.

Injini ya petroli yenye nguvu za farasi 300, pedali ikiwa imekandamizwa hadi chini, hunywa takriban lita 90 kwa saa. Hiyo ni lita moja na nusu kila dakika. Injini hiyo hiyo ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa pedali, inatosheka na lita mbili tatu kwa saa. Sasa niambieni, fundi anayefunga geji gari limesimama, akaona presha nzuri, akasema pampu ni nzima, amepima nini? Amepima bomba la uani asubuhi jirani zake wamelala. Afungue mabomba yote nyumba nzima ndipo ajue kama maji yapo. Presha bila wingi haijakwambia kitu.

Kuna KE70 moja ya hapa hapa mjini. Waliowahi kusikia kisa chake wanivumilie, kwa sababu bado naona magari yanateswa kama lile lilivyoteswa. Ina 4A-GE yenye kabureta mbili za Weber, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa. Ilikuwa inapanda hadi 5,000 kisha inalegea, ukiachia mafuta kidogo inarudi, ukikandamiza inalegea tena. Kabla haijanifikia ilikuwa imebadilishwa plagi, waya za plagi, koili inayotoa umeme wa cheche, kisha jeti za kabureta, yaani vitundu vinavyopimia mafuta. Pampu nayo ikabadilishwa, ya umeme, mpya kabisa. Fundi wa mwisho akamwambia mwenye gari injini ishushwe, ringi za pistoni zimekwisha. Mzee wa watu alikuwa ameshaanza kutafuta hela ya kushusha injini!

Tulifunga geji kwenye mpira wa mafuta, karibu na kabureta, tukaupitisha mpira nje ya boneti na kuibana geji kwenye kioo cha mbele, upande wa nje. Vijana, nisikieni hapa: nje. Mpira wenye petroli hauingii ndani ya gari hata kwa dakika moja, na mtungi wa kuzimia moto uwe miguuni pa msaidizi. Gari likiwa limesimama, geji ilisoma 3 psi, kipimo cha presha, na hiyo ndiyo inayozifaa Weber. Tukapiga resi papo hapo, ikabaki 3. Fundi wa haraka angeishia hapo na kuandika kwamba mafuta ni mazima.

Tukatoka kwa barabara ya Morogoro, tukapita Ihumwa, tukatafuta kipande kisicho na makazi. Gia ya tatu, pedali hadi chini, mmoja anaendesha, mwingine haondoi macho kwenye geji. Tatu. Mbili na nusu. Mbili. Ilipofika moja, gari likalegea, na sindano ikabaki hapo hapo. Kwa safari hiyo moja plagi zikawa hazina kesi, koili haina kesi, ringi hazina kesi. Kabureta zilikuwa zinakauka.

Lakini pampu si ilikuwa mpya? Ndiyo, na mtu mwingine angenunua ya tatu. Tulifungua kifuniko cha tanki tukarudia, kwa sababu kifuniko kisichopumua hulinyima tanki hewa na kuzuia mafuta. Hakuna mabadiliko. Chujio lilikuwa safi. Ndipo tukaweka mita kwenye vichwa viwili vya pampu yenyewe, injini ikiwaka. Betri ilikuwa na volti 13.8. Pampu ilikuwa inapata 10.2. Waya mwembamba wa zamani, umepitishwa kwenye swichi ya dashibodi, na ethi, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, imefungwa juu ya kutu. Pampu inayopewa umeme wa namna hiyo inazunguka, inalia vizuri, ukiisikiliza utaapa ni nzima, lakini haisukumi wingi unaotakiwa. Tukafunga relei, swichi inayowashwa kwa umeme, na waya mnene kutoka betri wenye fyuzi, tukakwangua ethi hadi chuma cheupe. Gari likapanda hadi mwisho wa geji ya resi.

Najua kuna anayetaka kuniambia habari ya mwinuko. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, gari lililotoka Dar es Salaam hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kweli kabisa, na kabureta iliyosetiwa Dar huku inamwaga mafuta kupita kiasi. Lakini mwinuko unapunguza nguvu kuanzia resi ya chini hadi ya juu. Haukai unasubiri 5,000 ndipo ukushike. Mwinuko umekuwa kichaka cha mafundi wasiotaka kupima, nami nimechoka kuusikia!

Na anayetaka kuleta mashine ya kusoma makosa: kabureta haina mahali pa kuichomeka.

Muda unakimbia, kwa hiyo haya mengine nayapitia. Kabla hata ya geji, mtu akae akandamize pedali, wewe angalia kama kipepeo cha kabureta, kile kilango cha hewa, kinafunguka chote. Kapeti moja likikunjika chini ya pedali linakula nguvu, na watu wameshashusha injini kwa ajili ya kapeti.

Mafuta yakiwa sawa, nenda kwenye moto, yaani cheche za plagi. V8 yenye koili moja ikiwa kwenye 6,000 inataka cheche 400 kwa sekunde, koili ina chini ya milisekunde tatu kujijaza kila mara. Kasoro ya moto haififii taratibu kama ya mafuta. Inakata ghafla, inapigapiga. Punguza mwanya wa plagi kidogo ujaribu, hiyo haina gharama.

Springi za valvu: zikilegea, valvu haiwahi kufunga. Dalili ni kwamba inagoma kwenye resi ile ile kila mara, hata gari likiwa halivuti kitu. Hapo acha kulazimisha, valvu itakutana na pistoni.

Ekzosi ikiwa imeziba masega, vile vitundu vya kichujio cha moshi, funga geji ya vakyumu inayopima mvuto wa hewa ya injini, shikilia resi 2,500. Sindano ikishuka taratibu, moshi hautoki. Kamshafti na taimingi yake hatutazifikia leo. Ile KE70 ipo hapo nje, mwenyewe ameileta na geji imeshafungwa. Watatu watatu, tuanze na wale ambao hawajawahi kushika geji ya mafuta.