Jinsi ya Kumpata Fundi wa Feni ya Bafuni na Kuikagua Kazi Yake

Ndugu mtazamaji, karibu. Nimesimama ndani ya bafu la nyumba ya kupanga hapa Kariakoo, Dar es Salaam, bafu ambalo, kama yalivyo mengi katika maghorofa ya mjini, limezungukwa na vyumba pande zote na halina dirisha. Tazama kona hii iliyo juu ya mlango: madoa haya meusi ni ukungu, na rangi imeanza kubanduka kwa sababu ya unyevu. Feni ipo darini na inazunguka, lakini hewa haitoki.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla ya kumpigia fundi simu. Washa feni, funga mlango, kisha chukua kipande kimoja cha karatasi ya chooni na ukisogeze kwenye uso wa feni, namna hii. Karatasi ikinata, feni inavuta. Ikianguka, fungua mlango kidogo na ujaribu tena. Ikinata safari hii, feni haina tatizo, bali hewa mpya haina pa kuingilia, na seremala akipunguza mlango kwa chini sentimita moja tu, kazi itakuwa imekwisha. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wapo watu wengi wanaonunua feni mpya kwa kosa la mlango. Iwapo karatasi bado inaanguka, zima umeme kwenye meni swichi, toa kifuniko na usafishe vumbi lililogandamana kwenye mapanga kwa brashi kavu. Kama feni inanguruma bila kuzunguka, huenda bushi, yaani vishikilio ambamo ekseli ya mota huzunguka, zimekauka, au kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, imekufa kwa zile feni zenye nayo; mweleze fundi sauti hiyo kwenye simu, ili aje na vifaa vinavyohusika.

Ukihitaji feni mpya, pima bafu. Hili lina urefu wa mita 2, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.5, yaani mita za ujazo 10. Tukitaka hewa yote ibadilike mara 8 kwa saa, tunahitaji feni inayotoa angalau mita za ujazo 80 kwa saa. Feni nyingi za inchi 4 hufikia kiwango hicho, lakini kumbuka kwamba bomba refu lenye kona hupunguza nguvu yake. Kama ukuta wa nje uko mbali, chagua ya inchi 6.

Sasa tumtafute fundi. Waulize majirani na muuza duka la vifaa vya umeme wa mtaani kwako, na ukishapata jina, omba kuiona kazi moja ya fundi huyo ambayo imekwisha kupitia msimu mmoja wa masika. Kisha mwombe leseni yake ya kufunga umeme, ambayo hutolewa na mamlaka ya udhibiti wa nishati: kwa Tanzania Bara ni EWURA na kwa Kenya ni EPRA. Soma daraja la leseni na tarehe ya kuisha kwake. Fundi makini hatachukizwa na ombi hilo.

Kabla ya kuzungumzia bei, muulize swali moja: hewa itatokea wapi? Katika nyumba niliyoishi awali, fundi aliliacha bomba likiishia juu ya dari. Mvuke wote wa bafuni ukawa unatua kwenye jipsamu, na masika yalipokwisha dari ilikuwa imevimba na kulegea, hadi kipande kimoja kikaanguka karibu na sinki. Jibu sahihi ni kwamba bomba litatoka hadi nje ya ukuta kwa njia fupi iwezekanavyo, lenye kona chache, likiinama kidogo kuelekea nje ili maji ya mvuke yadondokee huko, na mwishoni liwe na kifuniko chenye vibati vinavyofunguka hewa inapotoka na kujifunga feni inapozimwa. Fundi asipoweza kukuchorea njia hiyo, tafuta mwingine.

Mkikubaliana, andikeni. Gharama ya vifaa itenganishwe na ya ufundi, malipo ya awali yawe ya vifaa na risiti zake zibaki kwako, na ijulikane ni nani atakayeziba na kupaka rangi mahali ukuta utakapotobolewa. Mpangaji apate kwanza ruhusa ya mwenye nyumba.

Siku ya kazi, kuwepo. Hakikisha fundi anazima umeme na kupima waya kwa testa kabla ya kuzigusa. Maungio ya waya yawe ndani ya kiboksi chenye mfuniko, yasifungwe kwa tepu na kuachwa darini. Swichi iwe nje ya bafu. Na laini hiyo ilindwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja kufikia miliamperi 30. Feni iliyo karibu na bomba la mvua iwe na alama ya IPX4 au zaidi, maana yake inastahimili kurushiwa maji.

Kabla ya kumalizia malipo, rudia jaribio la karatasi mlango ukiwa umefungwa, kisha toka nje na uone vibati vikiinuka. Baada ya kila kuoga, iache feni ikizunguka kwa dakika 20, wala usiihofie LUKU: feni ya wati 20 huchukua saa 50 kumaliza uniti moja. Mlipe fundi salio lake, na umwombe aandike tarehe ya leo kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko, ili atakayekifungua siku nyingine ajue feni imefanya kazi kwa muda gani.