Geuka kwa Mangi

LEMBRIS: Haya karibuni kwenye kipindi, ni sisi tena, leo tuna mambo matatu ya kuangalia kabla hujanunua kiwanja, na Aika kaja na plasta mkononi sijui kagombana na nani.

AIKA: Na friji. Si nimehama Jumamosi, natoka Sakina naenda Muriet, hapahapa Arusha, sasa kirikuu imefika kwenye kichochoro ikagoma, ukuta wa huku umesogea, wa kule nao umesogea, katikati unapita wewe na ndoo yako tu. Friji tumeibeba kama jeneza.

LEMBRIS: Pole mama!

AIKA: Na hapo dereva kashapotea saa nzima, nilimwambia akiacha lami ageuke dukani kwa Mangi.

LEMBRIS: Mangi yupi sasa?

AIKA: Ndo alichoniuliza! Kapita Mangi wanne.

LEMBRIS: Na wengine wala sio Wachaga, Mangi wa mtaani kwetu Msukuma kabisa, ukimwita anaitika.

AIKA: Aisee, kwetu Uchagani Mangi alikuwa mtawala. Mangi Meli Wajerumani walimnyonga mwaka 1900, leo Mangi anakupimia sukari robo.

LEMBRIS: (anacheka) Na anakukopesha, mtawala gani anakukopesha? Ngoja, mada. Vichochoro kama hicho ndo vinafanya niseme jiji lijenge nyumba lenyewe, lipangishe watu. Uingereza tangu sheria ya 1919 halmashauri zilijenga nyumba nyingi tu zikapangisha watu, 1980 ikaja sheria wapangaji wauziwe kwa bei ya punguzo, zikapungua, ila 2018 wakaondoa ukomo wa kukopa kwa ajili ya nyumba na halmashauri kibao zimerudi saiti. Norwich nyumba za halmashauri zimechukua tuzo ya Stirling 2019, tuzo ya usanifu hiyo, wamewapiga matajiri.

AIKA: Sisi tuna NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, tangu 1962.

LEMBRIS: Ya serikali kuu hiyo! Mimi nasema jiji.

AIKA: Jiji hilohilo lililoangalia ukuta ukisogea? Kaka, hao Waingereza wako wana chama cha wataalamu wa mipango miji tangu 1914, hao ndo wanakwambia hapa nyumba hapa barabara. Huku watu wanajenga, wanazaa, wanajukuu, halafu ndo urasimishaji wa makazi unakuja na futi kamba. Ajiri maafisa mipangomiji kwanza, wape gari na mafuta, barabara ikae, nyumba watu watajenga wenyewe.

LEMBRIS: Watajenga na nini? Mpangaji anadaiwa kodi ya miezi sita leo, unamwambia asubiri ramani?

AIKA: Na ukimjengea bila ramani friji yake inapita wapi?

LEMBRIS: Kwa Mangi.

AIKA: Niko siriasi Lembris.

LEMBRIS: Na mimi pia. Jiji likijenga litalazimika kuajiri hao maafisa, kazi inavuta watu.

AIKA: Litaajiri mkandarasi, afisa ataitwa siku ya kukata utepe. Sikubali.

LEMBRIS: Na mimi sikubali, na dogo wa mitambo anatuonyesha saa. Tuliahidi mambo matatu ya kuangalia kabla hujanunua kiwanja…

AIKA: Hata moja hatujagusa.

LEMBRIS: Dakika moja, sema la kwanza.

AIKA: La kwanza… hapana, wacha niitumie hiyo dakika. Wewe dereva wa kirikuu kama unasikiliza, trei ya mayai ya friji yangu imebaki kwako. Iache kwa Mangi.

LEMBRIS: Yupi?