Nani Aulizwe Habari za Samaki

Ahsante, Mwenyekiti. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua naelekea bwawa la Pak Mun. Ndiyo, huko huko. Nitaacha siku watafiti wa haki za binadamu Asia watakapoacha kuhesabu mikataba iliyosainiwa na kudhani kazi imekwisha.

Bwawa mnalijua: mto Mun, mkoa wa Ubon Ratchathani, Thailand, karibu na pale unapomwaga maji kwenye mto Mekong. Lilikamilika 1994, fedha za Benki ya Dunia zikiwemo. Megawati 136, kwenye karatasi. Kamisheni ya Dunia ya Mabwawa ilipofanya hesabu mwaka 2000, umeme wa kutegemewa saa za mahitaji makubwa ulikuwa takribani megawati 21.

Na samaki je? Wakajengewa ngazi! Hii ngazi siichoki. Mvua zikianza samaki wanatoka Mekong kupanda mto wakazaliane, wanakuta ukuta wa zege wa mita 17, na pembeni vidato vya kupandia: karibuni, pandeni. Wengi hawakupanda. Mvuvi yeyote wa pale angewaambia mapema, tena bure. Hakuna aliyemuuliza.

Juni 2001, baada ya maandamano ya miaka na watu kupiga kambi penye bwawa, serikali ikafungua milango kwa majaribio. Hapo wavuvi wakafanya utafiti wao, ukaitwa Tai Baan. Maswali yao, vipimo vyao. Wasomi na wanaharakati wakawa makarani. Wakaorodhesha aina 156 za samaki waliorudi: yupi hujificha kwenye miamba ipi, hupita mwezi gani, huvuliwa kwa mtego upi.

Sasa naona kuna mtu hapa anajiandaa kusema: Profesa, hao wana maslahi yao. Ala! Mamlaka ya umeme iliyojenga bwawa haina? Anayetaka samaki warudi tunamwita mwenye upendeleo, anayetaka kuuza umeme tunamwita mtaalamu. Haya, tuwaache wavuvi. Serikali ilikiagiza Chuo Kikuu cha Ubon Ratchathani kifanye utafiti wake, wa kitaaluma, wenye majedwali yote mnayoyapenda. Kikapendekeza milango ibaki wazi mwaka mzima. Serikali ikaamua miezi minne.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa maendeleo endelevu. Wanaandika kana kwamba tatizo ni ukosefu wa takwimu. Pak Mun takwimu zilikuwepo, za kijijini na za chuoni, zikiwa na majibu yanayoelekea kumoja. Kilichokosekana ni mwananchi kuwa na nguvu ya kuilazimisha serikali isome. Hiyo ni siasa, wala hakuna kiashiria cha maendeleo kitakachoiondoa.

Dakika tano? Haya. Laos, basi. Sombath Somphone, mshindi wa Magsaysay, tuzo kubwa ya Asia ya utumishi kwa jamii, mwaka 2005, alitumia maisha yake kuwauliza wanakijiji wanataka maendeleo gani. Tarehe 15 Desemba 2012 gari lake lilisimamishwa kwenye kituo cha polisi barabarani, mji mkuu Vientiane. Kamera ikanasa akichukuliwa. Hajaonekana tena. Julai 2018 bwawa la Xe-Pian Xe-Namnoy likapasuka katika nchi hiyo hiyo, vijiji vya Attapeu vikasombwa. Umeme wake mwingi ulikusudiwa kuuzwa Thailand. Nchi ambayo muulizaji anatoweka, nani atathubutu kuuliza habari za ukuta wa bwawa?

Nilikuwa na Bangladesh na viwanda vya nguo. Imeliwa na samaki. Maswali. Wewe uliyeinua mkono tangu kwenye ngazi, anza.