Jinsi ya Kusoma Gome la Mti

Haya, karibuni tena. Leo tuko Masaka, Uganda, nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, na kitabu chetu ni huu mwembe. Andaa karatasi nyeupe nyepesi, utepe wa kubandikia na krayoni iliyovuliwa ganda lake. Mkaa wa jikoni nao unafaa, ila mikono utaijua mwenyewe.

Kwanza, uje asubuhi au jioni. Saa sita jua likiwa utosini, gome lote linaonekana bapa. Sasa ni saa moja na nusu asubuhi, mwanga unapita ubavuni mwa shina, na kila ufa una kivuli chake. Sogea karibu uone.

Pili, bandika karatasi usawa wa kifua. Laza krayoni kwa ubavu, sugua taratibu. Usikandamize! Mara ya kwanza mimi nilisugua kama nasugua sufuria ya ugali, karatasi ikachanika vipande. Enhe, mnaona? Mistari inajitokeza yenyewe.

Sasa tusome. Hii mistari ya wima iliyokatikakatika inasimulia unene. Shina huongezeka kwa ndani, chini ya gome. Gome la nje limeshakufa, haliwezi kutanuka, basi linapasuka. Ndiyo maana mwembe mchanga una ngozi laini, na huu mzee umejaa mifereji. Ule mpera pale una tabia nyingine: unabambua gome lake vipande vyembamba, unaanza ukurasa mpya. Mpera haupendi kutunza kumbukumbu.

Hii alama kama jicho ni kovu la tawi lililokatwa. Mti umekifunga kidonda kuanzia kingoni. Na hizi herufi mbili? Kuna mtu alizichonga kwa kisu, tafadhali msimwige. Wengi hudhani mti ukirefuka jina nalo litapanda. Halipandi. Mti hurefuka kwenye ncha, kwa hiyo herufi zinabaki pale pale na kutanuka kwa upana tu. Shangazi anasema alipoolewa hapa zilikuwa usawa wa kifua chake, na hadi leo ziko hapo hapo, ila zimenenepa.

Angalieni msidanganyike: huu mstari wa udongo mwekundu ni njia ya mchwa, na haya madoa ya kijivu ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Hao ni wageni, mti haukuwaandika.

Tatu, twende kwenye shamba la kahawa, pale mutuba, mti wa jamii ya mtini, unapotoa kivuli. Tafuta pete mbili, moja chini karibu na ardhi, nyingine chini ya matawi, na mstari wa wima unaoziunganisha. Huo ni mwandiko wa fundi wa lubugo, yaani nguo ya gome. Gome lilibanduliwa hapo, likapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka likawa nguo, na shina likafungwa majani ya migomba ili lijiponye. Gome linaota upya, fundi anarudi. UNESCO waliiweka kazi hii kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2008, lakini Waganda walikuwa nayo zamani sana.

Gome lililoota upya hapa ni laini, krayoni itateleza. Chukua mkaa, usugue pale pete inapokutana na mstari. Nyuma ya karatasi andika jina la mti, tarehe, na upande wa shina. Shangazi, nishikie pembe hii, upepo huu utatuharibia.