Wati 47 na Kitambaa cha Mama

MWANAIDI: Karibuni, hata nyinyi mliotuma meseji za kumtetea Beka wiki iliyopita. Atawaponza huyo. Haya bwana, waambie ulichofanya Jumamosi.

BEKA: Nimeifufua ThinkPad T440p, laptopu ya Lenovo. Prosesa yake ilikuwa i5-4300M, viini viwili. Nimetoa, nimeweka i7-4800MQ, viini vinne. Ya mtumba, Kariakoo.

MWANAIDI: Kabla hamjakimbilia bisibisi: laptopu zenye prosesa ya Intel ya kuchomoka ziliishia 2013, 2014 hivi. Kizazi kilichofuata karibu zote zimechomelewa kwenye madabodi.

BEKA: Hii ina soketi. Kuna kiskrubu pembeni, unakizungusha nusu duara, prosesa inaachia. Unafuta pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto, unapaka mpya, kiduchu tu katikati.

MWANAIDI: Na joto?

BEKA: Nikihariri kipindi, nyuzi 97.

MWANAIDI: Beka!

BEKA: Subiri. Nilikuwa kwa mama. Nimekwenda kuswali, narudi nakuta laptopu imetandikiwa kitambaa cha kufuma.

MWANAIDI: Kile cha tausi?

BEKA: Cha tausi ni cha TV. Hiki cha waridi, kilikuwa cha redio. Redio imekufa, kitambaa kimehamishwa kazi.

MWANAIDI: Mungu wangu. Na chini ndiko inakovuta hewa!

BEKA: Nimemweleza. Ananiambia, "Mwanangu, meza itachubuka." Nimekitoa, nikaenda kunywa maji. Kurudi, kimerudi. Na kingine juu ya kioo.

MWANAIDI: Kwetu friji lina cha kwake, jagi lina cha kwake chenye shanga. TV ukitaka kuiwasha unaifunua taratibu kama bibi harusi.

BEKA: Ila mama ana hoja. Anasema vinazuia vumbi. Nilipofungua feni, kwenye mapezi ya shaba kulikuwa na vumbi limeshikana kama sufi. Hapo hewa ya moto inatokea wapi?

MWANAIDI: Kwa hiyo kitambaa kimeshinda.

BEKA: Cha juu, ikiwa imezimwa. Cha chini, hapana.

MWANAIDI: Na bila kitambaa ni ngapi?

BEKA: Tisini na moja.

MWANAIDI: Bado ni jiko hilo. Kosa ni prosesa uliyochagua. Ile i5 ni ya wati 37, ndilo joto la kupoozwa. Ipo i7-4702MQ, viini vinne, wati 37 vilevile. Wewe umebeba ya 47.

BEKA: T440p nyingine zilitoka kiwandani na prosesa za wati 47.

MWANAIDI: Zilitoka zikiwa mpya, kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Wewe uko Temeke, Februari!

BEKA: Kikomo ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo inapunguza kasi yenyewe, haiungui.

MWANAIDI: Sasa si ndiyo hivyo? Umelipia kasi, halafu mashine inakunyang'anya.

BEKA: Kwenye kazi ndefu tu. Kufungua mafaili, kukata sauti, hizo ni sekunde chache. Hapo yangu inafika gigahezi 3.7, hiyo 4702 yako inaishia 3.2.

MWANAIDI: Kipindi hiki unakihariri kwa sekunde chache?

BEKA: Nakihariri wakati wewe umelala.

MWANAIDI: Na betri inayokaa jirani na joto hilo?

BEKA: Betri iko nyuma, inachomoka, naitoa nikiwa mezani.

MWANAIDI: Na umeme ukikatika?

BEKA: ...Usibadilishe mada.

MWANAIDI: Mimi nasimama kwenye 37.

BEKA: Na mimi sitoki 47.

MWANAIDI: Jamani, tuliahidi kuwaelekeza kupunguza volti kwa programu ya ThrottleStop, kuchagua pesti, na ile hitisinki, kipoza joto, ya mabomba mawili. Zimebaki sekunde arobaini.

BEKA: Ya mabomba mawili ni ya T440p zenye kadi ya michoro ya peke yake, inaingia hata kwenye...

MWANAIDI: Hatuwahi, Beka. Kaka wa studio anaonyesha saa.

BEKA: Mama anauliza kama maikrofoni zina vitambaa.

MWANAIDI: Mwambie tunataka viwili. Kwaherini!