Kufungua Jointi za Usukani Zilizoganda

Ndugu mafundi, na ninyi vijana mnaojifunza kazi katika gereji za hapa Arusha, naomba tuzungumzie jambo moja tu: kwa nini tairodi endi (jointi ya mwisho wa fimbo ya usukani) au boljointi (jointi ya tufe inayounganisha gurudumu na mikono yake) hukataa kutoka hata nati ikishafunguliwa. Wengi huisingizia kutu. Kutu imo, hasa kwenye magari ya watalii yanayorudi kutoka Ngorongoro na Serengeti yakiwa yamegandiwa na matope, lakini kinachoshikilia hasa ni umbo la shina la jointi, ambalo hupungua unene kuelekea upande wa nati, hivyo nati inapokazwa shina huvutwa na kujibana ndani ya tundu lenye mshazari uleule, kama mpini unavyojibana kwenye jicho la jembe. Nati ukiitoa, mbano unabaki.

Ndiyo maana kupiga nyundo kwenye ncha ya shina ni kazi bure. Utaitandaza ncha na kuharibu thredi. Legezeni nati, lakini msiitoe yote, kwa kuwa mkono wa chini, ule unaoshikilia gurudumu na kusukumwa na springi, unaweza kuruka na kumvunja mtu, na kwa sababu hiyohiyo wekeni jeki chini yake. Fungeni pula, yaani kifaa cha skrubu cha kuvutia jointi, ivute kwa nguvu, kisha pigeni ubavuni mwa tundu lenyewe kwa nyundo nzito, nyundo ya pili ikiwa imeegemezwa upande wa pili. Kila pigo hulibonyeza tundu kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho, na ghafla jointi huachia kwa mlio ambao fundi hausahau.

Ile uma ya kugongea, inayopigiliwa katikati ya jointi na mkono ili kuvitenganisha, hupasua buti la mpira linalofunika jointi, basi itumike tu pale jointi inapokwenda kutupwa. Moto wa gesi mimi siupendi kabisa: ndani kuna grisi, jirani kuna mpira wa breki, na mikono ya aluminiamu hupoteza uimara wake ikipashwa.

Shina likizunguka pamoja na nati, lisukumeni kwa jeki lijibane tena tunduni, ndipo nati itafunguka.

Kabla ya kufungua tairodi endi, wekeni alama mahali ilipofikia, ingawa alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) itapimwa tu baadaye. Wakati wa kufunga, tundu la spliti pini, ile pini inayozuia nati isilegee, lisipolingana na nati, msiirudishe nati nyuma. Kazeni mbele hadi nafasi inayofuata, na pini iwe mpya.