Ngome Ilianguka, Vita Vikaendelea

Kamwene, wazee wangu, walimu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma. Nitazungumzia kosa moja la serikali inayopigana na watu inaowaita waasi: kutangaza ushindi kwa kuhesabu vilivyotekwa, bila kuuliza nani anamlisha adui.

Hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana wa Kijerumani, von Schele, aliiteka Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mwaka 1891 Wahehe walikuwa wamemuua Zelewski, kamanda wa Kijerumani, pale Lugalo na kuangamiza kikosi chake, kwa hiyo shangwe ya Wajerumani inaeleweka. Lipuli, ngome ya Kalenga, imevunjwa, nini tena kimebaki? Amebaki Mkwawa mwenyewe, ndugu zangu! Hakukamatwa. Na washindi haohao walishambuliwa wakiwa njiani kurudi pwani.

Mwaka 1896 Tom von Prince, afisa wa jeshi la Wajerumani, akajenga boma hapa Iringa. Desemba, Mpangile, mdogo wake Mkwawa, akasimikwa kuwa mtawala, ionekane nchi imetulia. Februari 1897 Wajerumani wakamuua kwa kumshuku kwamba anamsaidia kaka yake. Hebu litafakarini hilo. Mtu waliyemteua wenyewe awe ushahidi wa amani, hawakumwamini hata miezi mitatu.

Mkwawa aliishi porini kwa sababu watu walimpa chakula na habari za askari. Prince alilijua hilo, ndiyo maana vijiji vikachomwa na mazao yakaharibiwa. Hapa ndipo huniuma. Vita vilivyokwisha kutangaziwa ushindi vililipiwa na mama aliyekuta ghala lake limekuwa majivu. Zawadi ya rupia 5,000 ikatolewa kwa kichwa cha Mkwawa. Alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, karibu miaka minne baada ya Kalenga kuanguka.

Wengine nao walipita njia hiyo. Novemba 1967 Jenerali Westmoreland, kamanda wa majeshi ya Marekani huko Vietnam, aliwaambia Wamarekani kwamba mwisho wa vita vya Vietnam umeanza kuonekana. Mwishoni mwa Januari 1968 miji ya Vietnam Kusini ikashambuliwa kwa mpigo, hata ubalozi wa Marekani pale Saigon ukavamiwa.

Na huku kwetu, Mkwawa alipokufa, watawala waliona nyanda za kusini zimenyamaza. Hawakuuliza watu wanasemaje juu ya kodi na kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa. Mwaka 1905 Maji Maji ikalipuka, na Septemba Wabena wakaivamia misheni ya Yakobi, Njombe.